Jinsi ya Kuomba Msaada wa Hesabu na Fizikia Ukasaidika

Saa tatu usiku simu inaita. Ni picha ya ukurasa wa kitabu, imepigwa kwenye mwanga hafifu, nusu ya swali imekatwa. Chini yake maneno manne: "Shikamoo mwalimu. Naomba jibu."

Ujumbe wa namna hii nimeupokea miaka yote niliyofundisha hesabu na fizikia, darasani na nyumbani kwangu jioni. Anayeuandika si mvivu. Mara nyingi ameshinda na swali hilo tangu alipotoka shule, daftari limejaa mikwaruzo, na kesho linakusanywa. Nikimtumia jibu atalinakili, atapata vema yake, halafu wiki ijayo swali lilelile litakuja na namba nyingine na atakwama palepale.

Siwezi kumsaidia kwa sababu sijui amekwama wapi, na mara nyingi hata yeye hajui. Kupatafuta hapo mahali ndiyo sehemu kubwa ya msaada wenyewe, na anaweza kuianza peke yake kabla hajamuuliza mtu yeyote. Hizi ndizo hatua ninazowapitisha wanafunzi wangu. Nitatembea na swali moja la mwendo ili tuone mambo kwa macho:

Basi linakwenda kwa kasi ya kilomita 72 kwa saa. Dereva anafunga breki, na basi linasimama baada ya kwenda mita 50. Kokotoa mchapuko wa basi na muda lililotumia hadi kusimama.

(Mchapuko ni kiasi ambacho kasi inaongezeka au kupungua kila sekunde. Ukiwa hasi, chombo kinapunguza mwendo.)

Hatua ya kwanza: soma swali na kalamu mkononi

Swali la fizikia husomwa kipande kwa kipande. Kila unapokutana na kitu ulichopewa, kiandike pembeni pamoja na alama yake na kizio chake:

u = 72 km/h
v = 0
s = 50 m
a = ?
t = ?

Hapa u ni kasi ya mwanzo, v ni kasi ya mwisho, s ni umbali, a ni mchapuko na t ni muda. Tazama hiyo sifuri ya v. Haikuandikwa popote kwenye swali. Imejificha ndani ya neno "linasimama". Maswali mengi yana namba iliyojificha hivyo, na anayesoma haraka huipita, kisha analalamika kwamba amepewa taarifa pungufu.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania hapa pana mtego wa pili. Wengi wamesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, halafu Kidato cha Kwanza fizikia inawajia kwa Kiingereza. Maneno madogo yanawaangusha kuliko kanuni. "Starts from rest" maana yake u ni sifuri. "Smooth surface" ni kukuambia usihesabu msuguano. "Uniform" ni kisichobadilika. Na "light string" imewapoteza wengi sana: mtoto anaona "light" anafikiri mwanga, anaanza kutafuta taa kwenye swali la kapi, wakati anaambiwa tu kwamba kamba ni nyepesi kiasi cha kutohesabiwa uzito wake.

Tenga kurasa mbili za mwisho za daftari lako kwa ajili ya maneno haya. Upande mmoja andika neno la mtihani, upande wa pili andika kwa Kiswahili linakutaka ufanye nini. Nimeona wanafunzi wakipanda alama kwa kurasa hizo mbili peke yake.

Hatua ya pili: chora

Hata kama huwezi kuchora. Boksi ni basi, mstari ni barabara, mshale unaonyesha linakoelekea, na kwenye mstari unaandika mita 50. Kama swali lina kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta), kila kani ipate mshale wake. Kama ni la jiometri, chora umbo kubwa, si dogo la kubanwa pembeni. Inatosha.

Hatua ya tatu: jaribu, halafu tafuta uzi umekatikia wapi

Jipe dakika 20. Ukiona husogei, simama. Kukaa na swali moja saa tatu kwa hasira hakukufundishi kitu, kunakuchosha tu na kukufanya uamini huna akili.

Usifute ulichoandika. Kikate kwa mstari mmoja ili kiendelee kusomeka. Mstari uliokosea ndio ninaoutaka mimi mwalimu, maana unanionyesha ulivyofikiri. Karatasi safi hainiambii chochote.

Kisha jiulize umekwama sehemu gani kati ya hizi. Inaweza kuwa lugha: hujui swali linataka nini. Hiyo tumeishaigusa. Inaweza kuwa kanuni: umeelewa swali lakini hujui utumie ipi. Au inaweza kuwa hesabu yenyewe: kanuni umeipata, lakini mikono inakataa kufika kwenye jibu.

Tuanze na kanuni. Kwa mwendo ambao mchapuko wake haubadiliki, wanafunzi wanapewa tatu:

v = u + at
s = ut + ½at²
v² = u² + 2as

Wengi wanakariri zote tatu, kisha wanachagua kwa kubahatisha. Kuna njia bora: tazama usichonacho. Kwenye swali la basi tunatafuta a kwanza, na t hatuijui. Basi tunatafuta kanuni isiyo na t ndani yake. Ya kwanza ina t, ya pili ina t, ya tatu haina. Umeshachagua, na unaweza kueleza kwa nini. Ukiulizwa "kwa nini umetumia hii?" ukakosa la kusema, hapo ndipo uzi wako ulipokatikia, na hicho ndicho cha kwenda kuuliza.

Sasa hesabu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo maumivu mengi yalipo. Binti mmoja wa Kidato cha Tatu alinijia akasema umeme umemshinda kabisa na anataka kuacha fizikia. Nikamwomba daftari. Swali lilikuwa la vikinzani viwili (vifaa vinavyopunguza mkondo wa umeme, vinavyopimwa kwa omu), omu 6 na omu 3, vilivyounganishwa sambamba. Alikuwa ameandika:

1/R = 1/6 + 1/3
1/R = 1/6 + 2/6 = 3/6 = 1/2
R = omu 1/2

Mstari wa kwanza ni sahihi. Wa pili ni sahihi. Umeme wote alikuwa ameuelewa. Kilichobaki ni kugeuza sehemu juu chini: kama 1/R ni 1/2, R ni 2. Alikuwa karibu kuacha somo zima kwa sababu ya kiasi na asili, namba ya juu na ya chini ya sehemu, vitu vya shule ya msingi. Tulirudia sehemu kwa jioni mbili, umeme ukafunguka.

Ndiyo maana ninasisitiza: usiseme "fizikia imenishinda" kabla hujaonyesha mstari. Mara nyingi kilichokushinda ni sehemu, alama ya kutoa, au kuhamisha herufi ibaki peke yake.

Mfano mwingine, wa hesabu tupu: 3 − 2(x − 4) = 5. Kuna wanaoanza na 3 toa 2, wakapata 1, wakaishia x = 9. Hawa wamesahau MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa), kwamba kuzidisha kunatangulia kutoa. Kuna wengine wanafungua mabano vizuri lakini wanaandika 3 − 2x − 8, wakapata x = −5. Hawa MAGAZIJUTO wanaijua. Wamesahau kwamba hasi mara hasi ni chanya. Wote wawili watasema "milinganyo sielewi", na kila mmoja anahitaji msaada tofauti kabisa. Jibu ni 3, na baadaye nitaonyesha namna ya kulihakiki bila kuniuliza.

Hatua ya nne: chagua wa kumuuliza

Mwalimu wa darasa ndiye wa kwanza, ila chagua wakati. Kumdaka mlangoni akikimbilia kipindi kingine ni kujinyima. Mwambie, "Shikamoo mwalimu, nina swali nimefika mstari wa tatu nimekwama, nikuone saa ngapi?" Mwalimu akisikia umefika mstari wa tatu atakutafutia dakika. Mimi humtafutia.

Kaka au dada aliyemaliza Kidato cha Nne juzi ana faida moja ambayo mwalimu hana: anakumbuka alivyokwama. Kikundi cha diskasheni ni kizuri kama kila mmoja amejaribu swali kabla ya kukutana. Kama mnafika nyote mikono mitupu na mmoja ndiye anayejua, basi hiyo si diskasheni, ni kudesa kwa heshima. Watu wanne wanatosha. Wakifika kumi, wawili wanafanya kazi na wanane wanaandika.

Tuisheni inasaidia kwa mwanafunzi anayekwenda na maswali yake. Anayekwenda kukaa tu na kunakili ubaoni analipia kunakili.

Kuhusu programu za akili mnemba, ambazo siku hizi ziko kwenye simu za nyumbani: zinaeleza vizuri, na pia zinaweza kukosea huku zikiongea kwa uhakika. Usiziombe jibu. Andika ulichofanya, mstari kwa mstari, kisha uandike, "Usinipe jibu. Nionyeshe mstari wa kwanza niliokosea na unieleze kwa nini." Halafu hakiki mwenyewe.

Hatua ya tano: andika swali lenye mwili

Huu ni ujumbe niliotumiwa na kijana mmoja kuhusu basi letu:

"Shikamoo mwalimu. Swali: basi linakwenda km 72 kwa saa, linafunga breki, linasimama baada ya mita 50. Natafuta mchapuko na muda. Nimetumia v² = u² + 2as kwa sababu sina t. Nimeweka 0 = 72² + 2 × a × 50, nimepata a = −51.84. Kitabu kinasema −4. Nimerudia mara mbili napata ileile. Nahisi tatizo liko kwenye 72 ila sijui ni nini."

Una kila kitu: swali lenyewe kwa ukamilifu, kinachotafutwa, kanuni na sababu ya kuichagua, namba alizoweka, alichopata, alichotarajia, na pale anapohisi pana kasoro. Nilimjibu kwa sentensi moja: "Umbali uko kwenye mita; 72 nayo iko kwenye nini?" Haikupita dakika mbili akarudi. Alikuwa amegeuza kilomita kuwa mita na saa kuwa sekunde, 72 × 1000 ÷ 3600, akapata mita 20 kwa sekunde. Kisha 0 = 400 + 100a, na a = −4. Kwa muda akachukua v = u + at, 0 = 20 − 4t, sekunde 5. Kazi yote aliifanya yeye.

Kama unatuma picha, piga mbili: ya swali na ya jaribio lako. Simu iwe juu ya karatasi wima, mwanga wa kutosha, kingo zote zionekane. Kama maandishi yako hayasomeki, nakili upya. Wakati wa kunakili wengi hugundua kosa lao wenyewe na hawatumi tena.

Swali lililoulizwa vizuri kuliko yote ninayoyajua liliulizwa hapahapa nchini. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu shule ya Magamba, Lushoto, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa inakwisha, naye hakungoja maziwa yake yapoe. Akayaingiza ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alikuja mwanafizikia Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, na Mpemba akasimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya kiasi sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini?

Wenzake walicheka. Osborne alirudi Dar es Salaam, swali likapimwa maabara, na mwaka 1969 yeye na Mpemba walichapisha makala kuhusu jambo hilo. Wanasayansi wanalibishania hadi leo na linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Litazame swali lenyewe: vyombo vinafanana, kiasi ni sawa, nyuzi zimetajwa, kilichotokea kimetajwa, kisha ndipo linakuja "kwa nini". Ndiyo maana mtu aliyelisikia aliweza kwenda kulipima. Angeuliza tu "maji ya moto yanagandaje?" pasingekuwa na cha kupima.

Hatua ya sita: ukielekezwa, kalamu ibaki kwako

Msaidizi akichukua kalamu, swali linakuwa lake. Mwombe kwa adabu: "Mwalimu, naomba niandike mimi, unisahihishe." Na ninyi mnaosaidia, walimu wenzangu na kaka na dada wa nyumbani, jizuieni. Najua inavyowasha mkono kuona mtoto anaandika polepole. Mwacheni aandike.

Kuna jambo la malezi yetu ninataka kulisema wazi. Tumelelewa kutombishia mkubwa. Mwalimu akiuliza "umeelewa?" darasa zima linaitika "ndiyooo", na nusu hawajaelewa. Kusema "mwalimu, mstari huu sijauelewa" si utovu wa adabu. Mimi ninaumia zaidi kugundua kwenye mtihani kwamba uliniitikia ili nisijisikie vibaya.

Ila usiseme "rudia yote". Weka kidole kwenye mstari: "Hapa, 400 imetoka wapi?" Ukishajibiwa, mweleze wewe kwa maneno yako, kwa Kiswahili, hata kama mtihani ni wa Kiingereza. Ukiweza kueleza kwa lugha unayoiotea ndoto, kuhamishia kwenye Kiingereza ni kazi ndogo.

Hatua ya saba: hakiki mwenyewe

Kwa mlinganyo, rudisha jibu mahali pake. Chukua x = 3 kwenye 3 − 2(x − 4): ndani ya mabano ni −1, mara −2 ni 2, jumlisha 3 ni 5. Sawa. Chukua 9: ni 3 toa 10, yaani −7. Chukua −5: ni 3 jumlisha 18, yaani 21. Majibu yote mawili yasiyo sahihi yanaanguka ndani ya nusu dakika, bila mwalimu na bila kitabu cha majibu.

Kwa fizikia, uliza kama jambo hilo linawezekana duniani. Kitu kinachoanguka kinaongeza kasi kwa takriban mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde. Lile −51.84 ni zaidi ya mara tano ya hapo. Basi lililofunga breki haliwezi kusimama hivyo. Labda liwe limegonga ukuta. Namba 4 inaendana na basi ulilowahi kupanda, ambapo dereva anakanyaga breki kwa nguvu, mizigo inateleza na waliosimama wanashikilia mabomba ya juu. Halafu tazama vizio: ukitafuta muda ukapata mita, rudi nyuma.

Hatua ya nane: kesho yake

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na kwangu ndiyo inayotenganisha aliyesaidika na aliyeonyeshwa tu. Lala. Kesho chukua karatasi tupu, funga daftari, lifanye swali upya toka mwanzo. Ukikwama, tazama mstari mmoja tu, funga tena. Ukimaliza, badilisha namba mwenyewe na ulifanye tena. Kisha chukua pasti pepa utafute swali la jamii hiyo.

Kwenye daftari la makosa andika mistari miwili tu: nilikosea nini, nitakumbuka vipi. "Sikugeuza km kwa saa kuwa mita kwa sekunde. Nitatazama vizio kabla ya kuweka namba kwenye kanuni." Wiki ya mtihani utasoma daftari hilo kabla ya kitabu chochote.

Na umjulishe aliyekusaidia. Yule kijana wa basi aliniandikia kesho yake jioni: "Shikamoo mwalimu. Nimelirudia bila kutazama, limetoka. Halafu nimebadilisha kasi nikaweka km 36 kwa saa, nusu ya ile ya kwanza, breki zilezile za −4. Nilitegemea basi lisimame kwa mita 25, nusu ya 50. Nimepata 12.5. Nimehakiki mara tatu. Kwa nini si 25?"

Nilimrudishia mstari mmoja: itazame tena kanuni, uone u imebeba nini kichwani.